Mahari ya Kuwakumbuka

Kamuli, 11 Februari 2024

Shangazi mpendwa Felicitas,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miwani ikiwa usoni, si kwenye kiti kama mwaka jana ulipoikalia kisha ukanilaumu mimi niliyekuwa huku Kamuli. Sisi hatujambo. Mke wangu Adventina anakusalimu. Goti lake sasa linatabiri mvua kuliko redio. Migomba imesimama, ingawa ule mnyauko umeshapiga hodi kwa jirani. Mimi nimefikisha miaka hamsini na moja bila kujiandaa, na tumbo limenitangulia mbele kama Mwenge wa Uhuru.

Walimu wenzangu wananicheka kwamba bado naandika barua. Nawaambia shangazi yangu sikio moja liliondoka na mizinga ya mwaka sabini na nane, na lililobaki halitaki habari za simu.

Sasa nije kwenye jambo. Parokia yetu itafanya Jubilei tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa, na Baba Askofu anakuja. Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati. Usinipongeze. Wakati wa kuchagua nilikuwa nimetoka nje kujisaidia.

Ajenda ya kwanza ni lile jiwe la mashujaa kando ya kanisa, alilolichonga marehemu baba. Unajua limeandikwaje: MAHARI YA KUWAKUMBUKA WALIOLALA VITANI 1978–1979, kisha majina kumi na moja. Miaka ishirini na sita nafundisha Kiswahili, na kila asubuhi napita mbele ya makosa mawili ya baba yangu mzazi. "Mahari" badala ya "mahali", na "ya" badala ya "pa". Maneno mawili ya kwanza, makosa mawili! Mwanafunzi wangu angepata sifuri na fimbo. Najua sisi huku l na r ni watoto wa tumbo moja. Tunapiga kula na wagombea wanakula kura. Lakini kwenye jiwe, shangazi?

Amejitokeza Bwana Gaudiosus, yule mfanyabiashara wa kahawa wa Muleba. Ataleta marumaru nyeusi inayong'aa, yenye maneno yaliyosahihishwa na mimi. La baba litaondolewa kwa heshima. Nimeona wewe usikie kwanza, kwa kuwa ndiwe baba yangu aliyebaki, ingawa unavaa gauni.

Wewe jiandae kuja. Wale wajane wa vita waliobaki, watatu tu sasa, watakaa benchi lao la mbele kama kawaida na kuitwa kuweka maua. Wewe nitakuweka kwa wageni waalikwa, karibu na soda.

Mwanao,
Cleophace


Rugera, 3 Machi 2024

Cleophace,

Marahaba. Barua imefika kwa mkono wa Jovin. Pikipiki yake inatoa moshi hata kuku wangu wamekohoa. Mwambie mtu anayebeba barua za watu asibebe na mbuzi.

Huku Rugera kahawa imetoa maua mengi, sasa tunaomba mvua isiwe na wivu. Cherehani yangu nzima. Jirani yangu Kokugonza amepata mjukuu wa tisa, na kila mmoja ananiletea nimpime gauni kana kwamba mimi ndiye niliyewaagiza. Adventina akande goti kwa maji ya moto, na aache kukubebea ndoo. Tumbo lako libebe.

Kuhusu jiwe. Liacheni.

Baba yako alisoma mpaka darasa la nne la mkoloni, ambalo ni sawa na chuo chako na chenji inabaki. Umesahihisha neno, mwanangu. Mwalimu husahihisha sentensi.

Huyo Gaudiosus, vita vilipokuja alikuwa hajazaliwa. Ana haraka gani ya kukaa na wafu?

Shangazi yako,
Felicitas binti Tibenda


Kamuli, 24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Shangazi,

Shikamoo tena. Nimekanywa, nimesikia. Ndoo nabeba mwenyewe, na kijiji kizima kimesimama barabarani kuangalia kama wanaangalia sinema.

Kuhusu jiwe, nililifikisha neno lako kwenye kamati. Nilisema: "Shangazi yangu wa Rugera anaomba liachwe."

Padri Fidele akauliza, "Kwa sababu gani?"

Nikasema, "Hakusema."

"Mwalimu," akaniambia, "Baba Askofu akisoma pale 'mahari', ataniuliza nani ameoa. Nimjibu nini? Shangazi yako hakusema?"

Watu wakacheka mpaka mzee mmoja akadondosha rozari. Bwana Gaudiosus naye akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema yeye hataki sifa, anataka tu jina lake liandikwe chini ya majina ya mashujaa, kwa herufi za ukubwa wa kiganja. Nikamuuliza za mashujaa ziwe za ukubwa gani. Akasema, "Hao wanajulikana." Kwa hiyo mtu akipita mbio mbio atadhani Gaudiosus ndiye aliyekufa, na wale kumi na moja ndio waliochanga.

Nakutania, lakini sasa sitanii. Kama kuna sababu, niandikie. Sijali hata ikiwa ya kijinga. Mimi mwenyewe naishi kwa sababu za kijinga. Lakini "liacheni" siwezi kuipeleka kwenye kikao mara ya pili. Fundi ataliondoa jiwe mwisho wa Mei. Nasubiri.

Cleophace, mwenyekiti kwa kukosekana


Rugera, 12 Mei 2024

Cleophace mwanangu,

Salaam kwako na kwa Adventina. Nimechelewa kuandika. Kahawa haikunizuia, wala mgongo, ingawa vyote viwili ningeweza kuvisingizia na ungeamini. Nimeanza barua hii mara nne. Karatasi tatu nimewashia moto.

Jina la saba kwenye jiwe ni Placidius. Unalijua kwa macho. Huyo alikuwa mchumba wangu. Baba yako alikuwa rafiki yake, na ndiye aliyekwenda na kurudi kati ya nyumba mbili mpaka miguu ikaota sugu. Mahari ililetwa Septemba mwaka sabini na nane: ng'ombe mmoja mwekundu, majembe, blanketi la mama, na rubisi mitungi sita ambayo babu yako Tibenda aliionja yote kuhakikisha ni pombe. Harusi ilipangwa Januari. Oktoba vita vikaingia, Placidius akaenda na mgambo, akavuka mto. Hakurudi hata shati.

Sasa mila unaijua. Mchumba akifa kabla ya harusi, mahari inarudi kwao, na msichana anaanza upya. Tibenda akasema ng'ombe arudi. Nikakataa. Nikasema ng'ombe akirudi, mimi nimekuwa nani? Mtu aliyewahi kuonwa njiani tu? Baba yake Placidius naye akakataa kumpokea. Akasema hawezi kuangalia ng'ombe wa mwanawe akila nyasi wakati mwanawe hali. Basi yule ng'ombe akakaa mpakani mwa vibanja viwili, shamba letu la migomba na lao, huku hatakiwi, kule hatakiwi, ananenepa tu.

Baba yako ndiye aliyepata akili. Parokia ilitaka kumbukumbu lakini haikuwa na kitu, na saruji ilikuwa ya kutafutwa kama dawa. Akaongea na padri wa wakati ule. Ng'ombe akaenda, saruji ikaja. Jiwe la mbele alilichonga mwenyewe, wiki tatu. Aliniuliza, "Niandike nini?" Nikamwambia, "Andika ni nini." Akaandika.

Tulijua watu watadhani ni l na r. Tulitegemea hivyo. Babu yako alipita pale mpaka anakufa, akimcheka mwanawe kwamba hajui kuandika, na baba yako akanyamaza. Alikubali kuonekana mjinga miaka ishirini na sita ili mimi nisirudishwe. Padri alijua. Siku ya kubariki alinipa mimi kushika chombo cha maji, akanyunyizia jiwe, halafu akageuka akaninyunyizia mimi, peke yangu. Hiyo ndiyo ndoa yangu. Cheti kiko kando ya kanisa.

Nilihamia Rugera kwa sababu wajane wakiitwa mbele, mimi nilikuwa nabaki nimekaa, nimeshika mwavuli wa mtu.

Usiisome barua hii kanisani, wala usimwambie mtu. Sitaki huruma ya watu wa Kamuli, wana mdomo. Lakini jiwe usiliguse.

Felicitas binti Tibenda


Kamuli, 2 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimesubiri jibu lako mpaka nimechoka, na kwa kuwa vitabu vinasema kimya ni ridhaa, nimekuhesabu kuwa umeridhia. Natumaini si mgongo. Sisi wazima. Adventina amepona goti kwa maji yako ya moto na sasa anatembea haraka kuliko ninavyopenda.

Basi, kazi imekwisha! Jumatano fundi aliling'oa jiwe la baba. Lilikataa saa nzima, nami moyoni nilisikia fahari, mzee alijenga. Tulipolilaza chini nililigusa kidogo, nikamwambia, "Baba, nisamehe, ni sarufi." Tulitaka kulihifadhi sakristia, lakini mlango ni mwembamba, kwa hiyo kwa sasa limewekwa nyuma ya jiko la parokia. Sperancia, mpishi wa mapadri, amefurahi sana. Anasema tangu azaliwe hajapata mahali pazuri hivyo pa kumenyea ndizi.

Na marumaru imeletwa! Inang'aa hata Padri Fidele anachania nywele mbele yake, zile mbili. Maneno niliyaandika kwa mkono wangu, nikayapitia kwa kalamu nyekundu mara tatu. MAHALI PA KUWAKUMBUKA. Ningefurahi uione.

Mwanao mwenye fahari,
Cleophace


Rugera, 16 Juni 2024

Cleophace,

Barua yako ya tarehe 2 nimeipata.

Mimi sijambo.

Felicitas


Kamuli, 14 Julai 2024

Shangazi, baba yangu,

Shikamoo. Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, na ukiniuliza goti la nani linauma sasa, ni langu.

Barua yako ya Mei nimeipata tarehe 5 Julai. Jovin aliitia kwenye mfuko wa koti la mvua ili isilowe. Wiki ile ile mvua ikakatika, akalitundika koti nyuma ya mlango. Ijumaa ile ikanyesha mvua ya ajabu, ya Julai, ya nusu saa tu. Akalivaa, akatia mkono mfukoni, akaja kwangu mbio amekunja uso kama aliyemwua mtu. Nilipomaliza kusoma nilitaka nimuue mimi. Halafu nikakumbuka kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwa nani.

Nilikwenda nyuma ya jiko vile vile nilivyokuwa, na ndala mguu mmoja. Sperancia alikuwa na ndizi mkungu mzima amezimenyea juu ya majina. Nikamwambia, "Ondoa."

Akasema, "Mwalimu, zimebaki tano."

"Ondoa, Sperancia!" Sijawahi kumkaripia mpishi wa mapadri, watu wamewahi kulala njaa kwa makosa madogo zaidi.

Utomvu wa ndizi ulikuwa umeshika, mweusi. Nimeusugua kwa mafuta ya taa na gunzi siku mbili, na nilipofika jina la saba nilitumia pindo la shati. Hapo ndipo nilipolisoma jiwe mara ya kwanza maishani. WALIOLALA, l tatu, zote zimekaa sawa. Mtu anayejua kuandika "waliolala" anashindwaje "mahali"? Na "mahari" huchukua "ya". Mahari ya. Ni sahihi kabisa! Makosa mawili yakipatana, shangazi, si makosa tena, ni sentensi. Uliniambia nisahihishe sentensi, nami nikabeba ndoo.

Niliitisha kikao. Nikasema jiwe lirudishwe.

Bwana Gaudiosus akauliza, "Mwalimu amekula nini leo?"

Nikasema, "Kisarufi, jiwe halina kosa."

"Halina kosa? Si wewe uliyetuhubiria miezi mitano kwamba lina mawili?"

"Nilikosea."

"Basi tueleze maana yake. Mahari gani ya kukumbuka watu wa vitani?"

Shangazi, nilinyamaza kama baba. Nikasimama pale mbele ya watu arobaini, mwalimu wa Kiswahili anayetetea kosa la baba yake bila sababu. Wakacheka, wakapiga meza. Mmoja akasema akili zangu zimeanza kunyauka kutoka juu kama migomba. Nilitamani kusema. Ulimi ulifika kwenye meno ukarudi.

Aliyeniokoa ni Sperancia, ambaye alikuwa ameleta chai na bado amenuna. Akaweka birika chini, akasema, "Na ile nyeusi je? Mimi nimeishia la nne, lakini pale chini pameandikwa IMEFADHIRIWA NA. Sisi tulifundishwa mfadhili ni kwa l."

Watu wakatoka wote kwenda kuona. Ni kweli. Herufi za kiganja. Na ile karatasi niliyompa mchongaji ninayo hapa, shangazi, mwandiko wangu, wino wangu: "imefadhiriwa". Mara tatu nimeipitia! Bwana Gaudiosus akasema jina lake haliwezi kusomwa na Askofu likiwa na kosa la Kinyambo chetu, na ya pili hanunui. Akawasha gari.

Padri Fidele alinibakisha. Akauliza taratibu, "Mwalimu, mahari ya nani?"

Nikamwambia, "Ya aliyelipa, Padri."

Akanipeleka nyuma ya jiko, akalitazama jiwe, akayasoma majina yote moja moja kwa sauti ndogo, akasema, "Basi lirudi."

Limerudi Alhamisi. Nimekoroga udongo mwenyewe. Fundi alisema nazuia kazi. Marumaru imekwenda kwa Sperancia, upande wa maandishi umegeuzwa chini. Anasema ni bora zaidi, utomvu haushiki. Mimi huku njiani sasa naitwa Mwalimu Mahari. Jana mwanafunzi wa darasa la tatu kanisalimu hivyo, kwa heshima zote. Nimeitikia.

Limebaki moja la kuungama. Zamani, kila Novemba, ulikuwa ukinituma na kifurushi cha senene kwenye jani la mgomba nikiweke chini ya jiwe, "kwa wale wa vitani". Huku kwetu mwanamke humtengea nani senene wa kwanza? Mumewe. Nimefikisha miaka hamsini na moja ndipo nimefikiri hilo. Na shangazi, vile vifurushi sikuwahi kufika navyo. Nilikuwa navila kabla ya kona ya kisima.

Sijui uniite nani. Nitajibu jina lolote.

Cleophace


Rugera, 4 Agosti 2024

Mwalimu Mahari,

Marahaba. Safari hii Jovin nimemwambia avae koti hata jua likiwaka. Amevaa. Anatoka jasho na barua yako imefika imelowa hivyo hivyo.

Kahawa nimeanika, imekauka vizuri. Kokugonza anakusalimu, mjukuu wa kumi yuko njiani. Mafuta ya taa hayatoi utomvu kwenye pindo la shati. Adventina alikate, aniletee nitie jipya.

Senene nilijua. Ulikuwa unarudi na mbawa mdomoni ukisema umeweka. Nilimwambia baba yako, akacheka, akasema mwache, Placidius alikuwa mkarimu na hana meno tena. Lakini Novemba hii utaokota wewe, usiku, pale penye taa ya parokia, utoe mbawa na miguu mmoja mmoja, ukaange, uweke. Nimehesabu miaka uliyokula. Ni tisa.

Umesema ulinyamaza kama baba yako. Sikutegemea. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili, ya pili bila miwani.

Nimeshona gauni. Nitafika tarehe 14, ninunulieni limau kwa chai. Kwenye wageni waalikwa usiniweke. Soda inanipa gesi. Benchi la wajane lina watu watatu na linakaa wanne, nalikumbuka vizuri, nimeliangalia sana. Waambie wasogee. Wakiuliza ni nani anakuja, usijibu kitu. Waonyeshe jiwe, mstari wa kwanza, halafu jina la saba. Asiyejua kusoma amwulize Sperancia.

Mwavuli wa mtu sishiki.

Shangazi yako,
Felicitas wa Placidius